Kwetu Katanga: mahali pa kuona kabla hapajachimbwa



Mwenzetu mmoja aliyemalizia masomo India alituwekea hapa picha zake za kule: Taj Mahal, kaburi la marumaru ambalo mfalme Shah Jahan alimjengea mke wake pale Agra; mapango ya Ajanta, yaliyochongwa ndani ya mwamba na wafuasi wa Budha; ile ngome nyekundu ya Delhi. Tulizifurahia sana. Kisha akauliza: "Na sisi kwetu, mgeni akifika tumwonyeshe nini?" Majibu yakawa mengi, lakini karibu yote ya namna moja. Migodi. Zoo. Mmoja, nafikiri alikuwa anacheka, akasema tumpeleke mgeni kula michopo Kamalondo.

Michopo siwezi kuikataa. Lakini tuko watu wenye diploma, wengine wana madaktari mbele ya majina yao, na kama jibu letu ni nyama ya mbuzi tu, njo kusema hatujapajua kwetu. Basi nimejaribu kueleza hapa, kwa wale waliobaki Lubum na kwa wale walio Kinshasa, Johannesburg ao Bulaya, sehemu chache ambazo mtu wa Katanga angepaswa kuzijua. Ninaposema Katanga nasema ile ya zamani, kabla ya 2015 kukatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mito na wafu hawakuulizwa juu ya mipaka mipya.

Kitu kimoja kwanza. Pale Agra hakuna mtu anayetaka kusaga yale marumaru ayauze. Kwetu, karibu kila mahali pa kukumbukwa ni mali ya mtu pia. Kilima ni madini, maporomoko ya maji ni umeme, hata makaburi ya kale yana shaba ndani yake. Kwa hiyo mahali petu hapatungojei. Kongo ina mbuga tano kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na ile ya okapi kule Ituri. Katanga nzima haina hata mahali pamoja kwenye orodha hiyo. Sisemi orodha ndiyo inapa mahali thamani. Nasema tu kwamba ulinzi wa nje hatuna, tunabaki na macho yetu.

Nianzie na kile ambacho kila mtoto wa Lubumbashi anakijua bila kufundishwa: terili, kilima cheusi kando ya lile bomba refu la moshi la Gécamines. Si kilima cha Mungu, ni mabaki ya tanuru. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Reli kutoka Rhodesia ikafika hapa 1910, mwaka uleule mji wa Élisabethville ulipoanza, na 1911 tanuru ikatoa shaba ya kwanza kwa mawe ya mgodi wa Étoile, ambao bazee wanauita Kalukuluku. Jiwe likiyeyuka, shaba inashuka chini juu iko nzito, na uchafu unaelea kama povu la maharagi yanayochemka. Uchafu huo ulichotwa ungali moto na kumwagwa nje. Bazee wa Kamalondo wanakumbuka usiku ule ulivyokuwa ukiteremka mwekundu, na anga yote ikawaka. Siku baada ya siku, miongo baada ya miongo, uchafu ukawa mlima.

Sasa tanuru za zamani hazikuweza kutoa kila kitu. Ndani ya mabaki mlikuwa mmebaki kobalti, zinki, shaba kidogo, na jermaniamu, ambayo siku hizi inahitajika katika nyaya za kioo zinazopitisha intaneti na katika kamera za kuona gizani. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kampuni ya STL iko inaila terili: mashine zinachota, tanuru mpya inayeyusha tena kile ambacho tanuru ya zamani ilikitupa. Alama ya mji wetu, ile tunayoiweka nyuma ya picha zetu za harusi na za kolasio, inapungua kila wiki. Mimi sitaki kazi ya watu isimame kwa ajili ya picha. Hata hivyo najua miji ambayo ingeacha kipande kimoja kisimame na kibao mbele yake, na sijaona mtu hapa akiuliza kipande kipi kitakuwa chetu.

Pale chini ya terili kuna mambo mengine ambayo hayaonekani katika picha. Desemba 1941 vita ya dunia ilikuwa inadai shaba nyingi zaidi, bei za sokoni zilikuwa zimepanda, na mishahara imebaki palepale. Wafanyakazi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Gavana Amour Maron alifika na askari, na askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa jina la wagomaji, aliuawa pale. Hesabu ya wafu ya wakubwa na hesabu ya wafanyakazi hazikukubaliana mpaka leo. Wengi wetu ni wajukuu wa watu wa kambi zile, tulilelewa kwa unga na maziwa ya Gécamines, na tarehe 9 Desemba inapita kila mwaka kama siku ya kawaida.

Lakini shaba haikuanza na Wazungu. Anayetaka kuhakikisha hilo asiende mgodini, aende kwenye Makumbusho ya Taifa hapahapa Lubumbashi, yaliyoanzishwa 1946. Kiingilio chake hakishindi bei ya bia, na Jumamosi asubuhi mara nyingi utakuwa peke yako. Angalia ile misalaba ya shaba, tunayoizoea kwa jina la kroazeti. Si msalaba wa Kanisa, ni wa kale kuliko misionari yeyote wa hapa. Wayeyushaji, ambao Wabelgiji waliwaita walaji wa shaba, walikuwa wanaokota malakiti, lile jiwe la kijani, wakati wa kiangazi, wanaliyeyusha kwa makaa na mivukuto, kisha wanamimina shaba katika kalibu yenye umbo la X. Njo ile misalaba mitatu iliyokuwa kwenye bendera ya Katanga ya Tshombe, 1960 mpaka 1963. Wengi wanadhani Tshombe aliibuni.

Misalaba hiyo ilitoka wapi kabla ya kuwa kwenye bendera? Hapo lazima tuondoke Lubum, twende kaskazini hadi Haut-Lomami, kwenye bonde la Upemba, ambako Lualaba inapita katikati ya maziwa, matete na visiwa vinavyoelea. Kando ya ziwa Kisale kuna kijiji kinaitwa Sanga. Mwaka 1957 Jacques Nenquin na wenzake walianza kuchimba pale, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendelea. Walikuta makaburi mengi sana, ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wafu walizikwa na vyungu vya umbo zuri ambavyo havikuwahi kutumika jikoni, na mapambo ya shaba, na vyuma vya kazi. Katika baadhi ya makaburi zilipatikana kauri, yale makombe madogo ya bahari. Fikiri vizuri: bahari ya Hindi na ziwa Kisale, bila reli, bila lori, na kauri imefika.

Jambo linalonivutia zaidi ni historia ya misalaba ndani ya makaburi. Katika makaburi ya zamani kidogo ni mikubwa na ni michache, imewekwa juu ya kifua cha marehemu. Kadiri karne zinavyosonga inakuwa midogo, mingi, ya kipimo kinachofanana, na inawekwa karibu na mikono ao kiunoni. Wataalamu wanasoma hapo mabadiliko: kitu cha heshima kinageuka kuwa franga. Ukitaka kuona pesa ikizaliwa, katika Afrika hii hakuna mahali pengi panapoonyesha hivyo. Na Sanga haiko na ukumbi wala lango wala mlinzi. Wavuvi wanakaa juu ya historia hiyo na wanaendelea na maisha yao, na ni haki yao.

Bahari ya Hindi inatuleta Bunkeya. Hapa niombe wale wanaofikiri Kiswahili chetu kililetwa na Wabelgiji wasome polepole. Bunkeya leo iko Lualaba, katika teritwari ya Lubudi. Unapita Likasi halafu unaacha lami. Katikati ya karne ya 19 alifika huku mfanyabiashara kijana kutoka Busumbwa, upande wa Tabora katika Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa akifuata shaba ya Katanga kwa biashara. Kijana huyo ni Ngelengwa, anayejulikana zaidi kama M'siri. Alibaki, akaoa, akapigana, akajenga ufalme wa Garenganze na mji wake Bunkeya. Misafara yake ilienda pande mbili: mashariki hadi Tabora na pwani, magharibi hadi Bihe na Benguela kule Angola. Shaba, chumvi, pembe za ndovu, na watumwa pia, tusifiche. Kiswahili kilikuja na watu hao wa misafara kabla kambi za migodi hazijakipanua.

Mskoti Frederick Stanley Arnot, misionari, alifika Bunkeya 1886. Nyuma yake wakaja wanasiasa. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika kwa niaba ya watu wa Cecil Rhodes akitaka M'siri aweke alama kwenye karatasi, M'siri alikataa. Mwaka uliofuata Léopold II naye akatuma msafara wake, ukiongozwa na Kapteni William Stairs, mtu wa Halifax, Kanada, pamoja na wapagazi wengi kutoka Zanzibar. Tarehe 20 Desemba 1891, katika mabishano, Omer Bodson alimpiga M'siri risasi akafa. Naye Bodson akauawa palepale. Wakakata kichwa cha M'siri wakakisimamisha juu ya mti. Bayeke wanasema mpaka leo kwamba kichwa hakikurudishwa kwao. Kila mwaka tarehe hiyo inakumbukwa Bunkeya, na ukoo wa M'siri ungali unatawala pale. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe, naye alikuwa Mwami wa Bunkeya mpaka alipofariki 1992. Kwangu mimi hapa ni mahali pa kwanza pa kumpeleka mgeni anayeuliza Kongo ilipatikanaje. Hatakuta jengo kubwa. Atakuta watu wanaoweza kumsimulia.

Na si kichwa kimoja. Kule Tanganyika, kando ya ziwa, karibu na Moba, iko Mpala, ambako Émile Storms alijenga ngome 1883 kwa jina la chama cha Léopold. Desemba 1884 watu wake walimwua chifu Lusinga wa Batabwa na kumkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Brussels, ambako limehifadhiwa katika taasisi ya sayansi ya asili pamoja na mafuvu ya machifu wengine. Ngome baadaye ilipewa Mapadri Weupe. Mtu akisimama Mpala akatazama ziwa, atasema ni pazuri kupita kiasi. Ni kweli. Na fuvu liko Brussels.

Baada ya hapo msomaji ataelewa kwa nini Shilatembo inanigusa kuliko terili. Tarehe 17 Januari 1961 ndege iliwashusha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito pale Luano, uwanja uleule ambao sisi wote tunapita tukienda Kinshasa na sanduku zetu. Walifungiwa katika nyumba ya Brouwez, si mbali na uwanja, wakapigwa. Usiku huohuo wakapelekwa porini, upande wa njia ya Likasi, karibu kilomita 50 kutoka mjini, wakapigwa risasi chini ya mti. Siku zilizofuata polisi Mbelgiji Gérard Soete na msaidizi wake waliifukua miili, wakaikata na kuiyeyusha katika asidi. Soete mwenyewe alikuja kukiri miaka mingi baadaye, na kwamba alibakiza meno. Jino moja ndilo Ubelgiji ililirudisha kwa familia Juni 2022. Jeneza lenye jino hilo lilizunguka nchi, likaletwa na hapa, hadi Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Wanafunzi wa miaka yetu waliijua Shilatembo kwa kunong'onezana. Sasa kuna ukumbusho, na mtu anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Nenda na watoto waliokwisha kufika umri wa kuuliza maswali. Na ukirudi, kumbuka kwamba miezi minane baada ya kifo hicho, tarehe 18 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alianguka na ndege karibu na Ndola akija kuonana na Tshombe. Ndola ni hapo tu ng'ambo ya mpaka, ambako mama zetu wanaenda kununua unga. Wiki ileile, Likasi, iliyoitwa Jadotville, kikosi kidogo cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa kilikuwa kimezingirwa na jeshi la Katanga mpaka kikaishiwa na risasi na maji. Watu wametengeneza filamu juu yake. Likasi penyewe wapita njia wengi hawajui walipigania wapi.

Tukiwa bado upande wa Likasi, lazima nitaje Shinkolobwe, ingawa hapo sikwambii uende. Iko karibu kilomita 20 magharibi ya mji. Mwaka 1915 Robert Sharp aligundua urani pale. Kwanza Wabelgiji walitafuta radi tu, ya hospitali, na urani ilikuwa kama mabaki yasiyo na kazi kubwa. Halafu ikaja vita. Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe New York mwaka 1940, zikakaa katika ghala kisiwani Staten Island mpaka jeshi la Marekani lilipozinunua 1942. Mawe hayo yalikuwa na utajiri ambao haukuwa na mfano: wastani wa asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingine ilifurahia asilimia moja. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo.

Mgodi ulifungwa uhuru ulipokaribia. Miaka mingi baadaye wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti, kijiji kizima kikaota juu ya mashimo. Mwanzo wa 2004 serikali ikapiga marufuku, na Julai mwaka huo shimo likaporomoka na kuua watu. Ni mahali penye historia kubwa kuliko mahali pengine pote nilipotaja, kwa sababu palibadilisha dunia nzima, na ni mahali pekee ambapo kuheshimu historia ni kukaa mbali. Hiroshima wana makumbusho yanayotembelewa na dunia yote. Mahali jiwe lilipotoka pana waya na marufuku. Ningependa angalau chumba kimoja katika makumbusho ya Lubumbashi kieleze safari hiyo kutoka mwanzo wake. Hicho chumba hakihitaji mtu agusane na mnunurisho wowote.

Basi tuache risasi na mabomu, twende kwenye maji. Karibu yote ninayopenda yako juu ya mto mmoja, Lufira, ao juu ya watoto wake.

Lufira inapita kwanza Mwadingusha. Pale palikuwa na maporomoko yaliyopewa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa miamba aliyekuja 1892 na kuona jinsi ardhi hii ilivyojaa shaba. Union Minière ikajenga bwawa la umeme lililoanza kazi 1930, na nyuma ya bwawa likatokea ziwa Tshangalele. Hapa kazi ya mtu ilizaa kitu kizuri bila kukusudia: ndege wa majini walijaa, wavuvi wakaja, na 1982 UNESCO ikalitambua eneo la Lufira kuwa hifadhi ya baiolojia. Huo ni mpango tofauti na orodha ya Urithi wa Dunia, usichanganye. Samaki tunaokula Likasi na Lubum, wengi wametoka hapo.

Zaidi chini, mto uleule unaanguka Kiubo, karibu mita 60, mpana, wenye kelele ya kusikika kabla hujaona kitu. Waliokwenda wanasema ndiyo maporomoko rahisi kuyapenda, juu unaweza kusimama karibu sana na kulowa.

Lakini yenyewe, ile ambayo ningemjibu mwenzetu wa India nayo bila kufikiri mara mbili, ni Lofoi. Lofoi ni kijito kinachotiririka juu ya uwanda wa Kundelungu, tambarare kubwa ya nyasi na baridi, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Uwanda huo hauishi kwa mteremko. Unakatika ghafla, kama meza. Kijito kinafika ukingoni na hakina njia nyingine. Kinaanguka karibu mita 340 kwa mara moja. Victoria Falls, ambayo kila mtu wa Lubum mwenye gari ameipiga picha, ina mita 108. Victoria ni pana, sikatai, na maji yake ni mengi mara elfu. Ila kwa urefu wa kuanguka, Lofoi inaihesabu mara tatu na kitu kinabaki. Ni kati ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika, na iko katika provensi yetu, ndani ya mbuga ya Kundelungu iliyoanzishwa 1970.

Kwa nini basi haijulikani? Njia. Hakuna sababu nyingine ya maana. Wakati wa mvua, udongo unameza hata gari la magurudumu manne. Wakati wa kiangazi gari linafika, lakini maji yamepungua, na mwezi wa tisa Lofoi inakuwa uzi mweupe unaogeuka mvuke kabla haujagusa chini. Muda wa katikati ni mfupi: mwezi wa tano na wa sita, mvua imeisha, njia imekauka, na kijito kingali na nguvu. Na upepo wa asubuhi juu ya uwanda ni mkali, mtu wa Lubum anayekwenda na shati la mikono mifupi atajuta.

Ng'ambo, kaskazini-magharibi, iko Upemba, mbuga iliyotangazwa 1939, wakati huo moja ya kubwa kabisa barani. Pundamilia wa mwisho wa Kongo yote wanaishi hapo. Ndiyo, Kongo iko na pundamilia, na wote wako kwetu. Vita, Mai-Mai na ujangili viliimaliza karibu kabisa; walinzi wengi walikufa wakiitetea. Sasa kuna juhudi za kuirudisha, na papo hapo kuna mradi wa bwawa la Sombwe kwenye korongo la Lufira, ambao umeleta ubishi kati ya wanaotaka umeme na wanaolinda mbuga. Hapa sitajifanya mwenye hekima. Mimi pia ninaandika haya huku nikisubiri kuriendi irudi. Bila umeme tanuru hazifanyi kazi, na bila tanuru nusu ya wanachama wetu hawana mshahara. Ila korongo likishajazwa maji halirudi, na wanaoamua, sidhani wengi wao wameliona kwa macho.

Kuna mengine nimeyapita: Pweto, mahali Luvua inapotoka ziwa Mweru, Porte d'Enfer ya Kongolo, ambapo Lualaba inabanwa kati ya miamba, na hapa mjini, katedrali ya Petro na Paulo, na ukumbi wa théâtre uliojengwa 1956, unaoitwa leo Jengo la 30 Juni. Kolwezi inahitaji makala yake yenyewe, na ningependa mtu wa Kolwezi aiandike.

Kwa wanaotaka kwenda Lofoi mwaka huu: tunapanga magari mawili ao matatu, mwisho wa mwezi wa tano, siku nne pamoja na njia. Ruhusa inaombwa ICCN kabla ya kuondoka, si langoni. Kila mtu aje na hema, maji, koti la baridi na sehemu yake ya mafuta ya gari. Jenereta na sanduku la muziki vibaki nyumbani.

Na ombi lingine, hata kwa walio mbali. Kama wazazi wako waliacha picha za terili, za miaka yoyote, hasa zile zinazoonyesha kimo chake ukilinganisha na bomba la moshi, usizitupe. Andika nyuma mwaka na mahali mpiga picha alipokuwa amesimama, Kamalondo, Gécamines ao njia ya Kipushi, kisha utuletee tuzipige nakala. Tukipata za kutosha, kwa kila miaka kumi, tutaweza kuonyesha kilima kilivyopanda na kinavyoshuka. Nimekwisha kupata ya 1958 na ya 1974. Ya miaka ya 1990 sina hata moja.